Halfdan bin Khelef na Nusu ya Kidenishi

Kwa idhini ya wanawe, Osama na Tahani, na ya mjane wake, Bi Tamima, aliyeagiza hitimani hapa isomwe polepole na lisifichwe neno, hii ndiyo safari ya Mzee Halfdan bin Khelef.

Alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 9 Machi 1951, katika uzazi mzito uliompotezea mama yake damu nyingi, na aliyejitokeza kumtolea damu alikuwa fundi mitambo wa meli, Mdenishi aliyeitwa Halfdan, rafiki wa baba yake bandarini, basi mzee Khelef akamfanya mwanawe somo wa Mdenishi yule, na jamaa waliponung'unika akawaambia, "Mngetoa damu nyinyi, angeitwa kwa majina yenu."

Alisoma skuli Unguja, akaja Ibra, hapa Oman, mwaka 1974, akaajiriwa fundi wa pampu za maji, na Juni 1976 akamposa Bi Tamima wa Samad Ash Shan, lakini ndoa ilitaka karatasi za uraia, na karatasi zikataka jina lieleweke.

Karani aliuliza maana yake, na marehemu, ambaye uongo ulimshinda hata pale ulipofaa, akaeleza kuwa ni jina la kale la Ulaya ya Kaskazini, lenye maana ya nusu Mdenishi, na huenda hapo zamani walipewa jina hilo watoto wa wazazi wa makabila mawili.

"Na hiyo nusu nyengine ya wapi?" akauliza karani, akaandika: asili ichunguzwe.

Alishauriwa ajiite Hamdan, kesho ana karatasi, keshokutwa ana mke, akajibu kwamba Hamdan hakumtolea mama yake damu, faili likachunguzwa miaka mitatu, na Bi Tamima, aliyekwisha kuwarudisha wachumba wawili wenye majina mepesi, akampelekea salamu: "Nimeshalizoea, usinibadilishie."

Mwaka 1979 wazee wawili wa Al Qabil, waliomjua babu yake kabla hajahamia Unguja, walithibitisha nasaba yake, uraia ukatoka, na ndoa ikafungwa tarehe 2 Novemba.

Figo zilimsumbua tangu 2019, akafariki Nizwa asubuhi ya tarehe 14 Januari 2025, na cheti cha kifo kikatoka siku hiyo hiyo, jina zima, bila swali.

Bi Tamima alikishika kitambo, akasema, "Leo ndiyo wamekuwa na haraka."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ibra, na wenzake wa idara ya maji.

Mola akurehemu, Mzee Halfdan, upumzike salama.