Hakuzoea, Alizoeshwa: Maisha ya Shangazi Yetu

Familia imeniomba mimi, binti wa kaka yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nisome maisha ya marehemu. Walisema ni kwa sababu nilimuuliza maswali kuliko mtu yeyote. Ni kweli, na mengine alikuwa hajamaliza kuyajibu.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga. Babu alikuwa akisimulia kwamba alichelewa sana kusema, na siku alipofungua mdomo hakusema "mama" wala "baba". Alisema, "Siyo hivyo." Wakubwa zake wanasema hakuacha tena.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979, sekondari mwaka 1985, na mwaka 1989 akahitimu shahada ya saikolojia. Bibi alitaka awe muuguzi. "Hiyo saikolojia ndiyo nini?" alimuuliza. "Ni kusikiliza watu, mama." Bibi akaguna: "Hilo si ndilo ninalofanya kwa wajawazito kila siku?"

Kuanzia mwaka 1990 alikuwa mwanasaikolojia wa watoto katika hospitali moja tu, Chumba Namba Sita, nyuma ya dirisha la dawa. Viti vyake viwili vilikuwa vya urefu sawa, ili mtoto asiinue shingo kumtazama mtu. Mlango, mtoto ndiye aliyeamua ufungwe au uachwe wazi. Penseli za rangi zilikuwa kwenye kopo, na nyekundu ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na mpima ardhi, na wakajaliwa watoto wawili. Mume wake alizoea kutania, "Mimi napima viwanja, mwenzangu anapima maneno. Ugomvi wa mipaka uko kwake."

Mahakama zilianza kumwita kama shahidi mtaalamu mwaka 2009, katika kesi za watoto waliodhalilishwa kingono. Hakuitwa kusema nani ana hatia. Aliitwa aeleze jinsi mtu mzima anavyojipendekeza kwa mtoto na kwa wazazi wake, kwa zawadi, kwa msaada, kwa siri ndogondogo, hadi mtoto ashindwe kujua ubaya ulianzia wapi. Aliitwa aeleze kwa nini mtoto hapigi kelele. Kwa Kiingereza jambo hilo lina neno moja, grooming. Nililitafuta kwenye kamusi ya nyumbani, nikaambiwa ni kumpiga farasi brashi.

Mwaka 2013 ripoti yake ilikuwa kwa Kiingereza, na mkalimani akalitafsiri neno hilo mbele ya mahakama: "Mshtakiwa alimtunza mtoto." Wakili wa utetezi akaruka: "Mheshimiwa, tangu lini kumtunza mtoto ni kosa?" Watu wakacheka. Mshtakiwa aliachiwa huru. Shangazi alimfuata mkalimani hadi koridoni. "Nisamehe, Dokta," alimwambia, "lakini mimi nimeajiriwa kutafsiri, sikuajiriwa kuelewa."

Tangu siku hiyo alitafuta neno letu wenyewe. Nilipokuwa na miaka minane alinionyesha alilolipata. Kila siku aliweka kisahani cha maziwa karibu zaidi na kikapu, na siku ya nane paka wetu akaingia mwenyewe. Shangazi akafunga kifuniko.

"Nani amemlazimisha?"

"Hakuna."

"Amepiga kelele?"

"Hapana, Shangazi."

"Kwa hiyo alitaka kufungiwa?"

Nilitikisa kichwa. "Amezoeshwa," akasema, kisha akamfungulia na kumwomba radhi.

Kesi yake ya mwisho ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na miwili, na mshtakiwa alikuwa rafiki wa familia ya msichana huyo. Tarehe 20 Mei 2024 alitoa ushahidi asubuhi nzima, kwa Kiswahili. Alipoanza habari ya kisahani, hakimu alimkatiza: "Daktari, hapa si mahali pa habari za paka." Kisha wakili wa utetezi akamuuliza:

"Kama alikuwa anaumizwa, kwa nini alirudi?"

"Kwa sababu alizoeshwa kurudi."

"Yaani alizoea."

"Siyo hivyo. Alizoeshwa."

Kesi ikaahirishwa hadi tarehe 17 Juni. Mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, ulipochapwa, ukurasa wa kumi na moja ulisomeka: "Mtoto alizoea kurudi." Herufi tatu tu zimeanguka, na kosa limetoka kwa mtu mzima likamwangukia mtoto.

Marehemu aliishi na presha kwa miaka kumi na moja. Tarehe 28 Mei alipata kiharusi akiwa Chumba Namba Sita, na mkono wa kulia ukakataa. Wodini aliomba ule ukurasa, akaandika juu yake kwa mkono wa kushoto, kwa penseli nyekundu: "shw". Muuguzi, kwa wema wake, akadhani anaomba shali, akamletea. Shangazi akatikisa kichwa. "Siyo hivyo," akasema polepole. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema. Alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa kumi jioni.

Mwendesha mashtaka ametueleza kwamba wakili hakumaliza kumhoji, kwa hiyo ushahidi wake huenda usizingatiwe. Nimeuliza kwa nini. Nimejibiwa ndio utaratibu. Jumatatu tarehe 17, saa tatu asubuhi, mwanasaikolojia mwenzake wa Chumba Namba Sita ataanza kutoa ushahidi upya kabisa, kama vile Shangazi hakuwahi kusimama pale.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka wawili, dada mmoja, na yule paka, ambaye sasa ni mzee na hadi leo akiona kikapu hukimbia. Ameacha pia ukurasa wa kumi na moja, ambao haujasahihishwa.

Apumzike sasa, kwa amani yote aliyowatafutia wengine. Na mtu akisema msichana yule alizoea, hata kama ni mtu mzima, hata kama amevaa joho, naomba mmoja wetu asimame amwambie: siyo hivyo.