Papa Taju na Kiboko Aliyejifunza Kulia

Ijumaa tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha watoto walioungua, muuguzi Tajudini Amissi atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Ofisi imeniomba niandike kumhusu kitu kifupi cha kuchangamsha, kisomwe kabla ya soda. Ufupi nitajaribu. Kuchangamsha ni kazi ngumu zaidi, na yeyote aliyewahi kupita ukumbini kwetu saa tatu asubuhi, saa ya kubadilisha bandeji, anajua kwa nini. Wengi wenu huzunguka kwa nyuma. Msidhani hatuwaoni.

Tajudini ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi, mwana wa fundi wa magari, na wagonjwa wake wote humwita Papa Taju. Alianza kazi katika miaka ile ya vita ambayo Bujumbura ilijifungia milango jua likiwa bado angani. Aliletwa chumbani kwetu kwa mwezi mmoja tu, ashike nafasi ya muuguzi aliyekimbia nchi. Mwezi huo unaisha Ijumaa.

Watoto wetu huletwa na mbabula, jiko la makaa, iliyopinduka, sufuria ya maharage, mafuta ya mawese, na miaka hii ya karibuni bidoni, madumu ya petroli ambayo watu huficha nyumbani vituo vinapokauka. Bandeji hushikamana na nyama. Lazima itoke, na hutoka na kitu. Dawa za kutuliza maumivu hufika zikipenda. Tajudini alipoona hivyo, alianza kutumia kile ambacho ghala halikuweza kumnyima, yaani mdomo wake.

Akina mama walikataa mwanzoni. Bibi zetu walitufundisha kwamba hadithi ni za usiku, na anayesimulia mchana atageuka mjusi. Tajudini hakubishana nao. Alichukua shuka zito akalitundika dirishani, akatangaza kwamba usiku umeingia, kisha akasimulia. Bandeji ya mwisho ilipofungwa alikata hadithi palepale ilipokolea, na mtoto akalazimika kungoja kesho. Mwisho wenyewe ulikuwa zawadi ya siku ya kurudi nyumbani. Alikuwa akinguruma kama kiboko kiasi kwamba mlinzi mmoja mgeni, aliyesikia kuwa viboko hutoka ziwani na kuingia mjini, alifunga geti na kupanda juu ya ukuta. Mlinzi huyo bado tunaye, na bado tunamcheka.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kiboko Mdogo. Alichomwa mkuki upande wa Uvira, akavuka ziwa zima kurudi kwetu, mkuki ukiwa mgongoni. Mamba walimdhihaki, mawimbi yalimpiga, naye alimeza machozi. Alipofika ufukoni bila kutoa hata mguno, viboko wakubwa walimwinamia. Kila utepe wa bandeji ulipovutwa, Tajudini aliuliza kama Kiboko alilia, na watoto walijibu kwa pamoja, meno yameumana: "Hakulia!"

Warundi tuna methali kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Imetulea sote, wa msikitini na wa kanisani, na hakuna aliyeona ubaya wa kuifanya hadithi ya watoto. Hospitali nzima iliipenda. Wageni waliletwa kuwaona watoto wetu wasiolia, wakapiga picha, wakasema hawajawahi kuona watoto majasiri namna hii. Tulivimba vichwa.

Kisha akaja Divin. Alikuwa na miaka minane, wa mtaa wa Kinama. Kulikuwa na bidoni chini ya kitanda na mshumaa juu ya kigoda, na zaidi ya hapo hamhitaji kuambiwa. Mama yake, Benite, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alikuja kwa miguu kila jioni kwa sababu mabasi hayakuwa na mafuta, na kila jioni Divin alimsimulia kipande cha hadithi cha asubuhi ile. Sijapata kuona mtoto aliyependa hadithi kama yule. Alijibu "Hakulia!" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki ya tatu ngozi yake ilikuwa inafunga vizuri, nasi tukaanza kuzungumzia kumruhusu. Lakini mtu aliyeungua sana anaweza kupata kidonda kingine ndani ya tumbo, kisichoonekana. Dalili yake ni maumivu na choo cheusi. Divin aliyapata yote mawili, akanyamaza. Alimwambia mtu mmoja tu, Houda, msichana mdogo wa kitanda cha pili, kisha akamwapisha: "Usiambie mutu. Kiboko hakulia." Houda akashika ahadi yake. Baada ya siku chache, alfajiri, Divin alitapika damu, na kabla jua halijavuka milima alikuwa amefariki. Ndipo Houda alipotuambia, sisi na Benite. Daktari alisema, bila kumlaumu mtu, kwamba kama tungejua mapema pengine tungefanya kitu.

Houda alipona na leo ni binti mkubwa. Kama karatasi hii itamfikia popote alipo, ajue kwamba hakukosa lolote. Sisi watu wazima ndio tuliomfundisha kunyamaza.

Tajudini alikwenda msibani Kinama, akaketi nyuma ya watu, akarudi kazini. Hatukumwona akilia. Shuka la dirishani lilirudi kitandani, na kwa muda mrefu bandeji zilibadilishwa bila hadithi, kwa mayowe matupu. Aliomba ahamishiwe famasia, mahali ambapo mtu huongea na maboksi. Ombi lilikubaliwa. Mimi niliamini kwamba tumempoteza, na watoto wetu pia wamempoteza.

Siku moja kabla hajahama, Benite alitokea uani, beseni la ndagala kichwani, jua la saa saba likiwaka. Alimwita kwa jina. Tulisogea dirishani sote, na nisiwadanganye, tulitegemea amtukane, na tulijua ana haki.

"Mutoto yangu alinyamaza sababu ya hadithi yako," alimwambia. "Mi sikukuja kugombana. Lakini ile hadithi haikuisha. Alikuwa ananipatia kila jioni, haikuisha. Sasa we unimalizie."

Tajudini alimsimulia wakiwa wamesimama, mchana kweupe, bila shuka wala pazia. Alimtoa Kiboko katikati ya ziwa, akamfikisha kwenye matete ya upande wetu. Hapo ndipo, katika hadithi ya zamani, sifa zilipoanza. Hakuzitaja. Alisema kwamba mama yake Kiboko alikuwa akimtafuta katika matete yaleyale, akapita karibu kabisa, akaendelea na safari yake, kwa kuwa hakusikia kitu.

Benite alitikisa kichwa. "Apana. Alie. Umufanye alie."

Basi Kiboko akalia. Tajudini alitoa mlio ule uliompandisha mlinzi ukutani, ila safari hii hakuna aliyecheka. Benite alitua beseni chini akalia naye, kwa sauti, hadi wagonjwa wa ghorofani wakachungulia. Mama Kiboko aligeuka, akamkuta mwanawe, akauchomoa mkuki kwa meno. Hadithi ikaishia hapo. Kiboko alipatikana, Divin hakupatikana, na Benite alilijua hilo vizuri kuliko sisi alipojitwisha tena beseni lake na kuondoka kuelekea sokoni. Kesho yake Tajudini alingojwa famasia, lakini alikuwa chumbani kwetu, anatundika shuka.

Tangu siku hiyo, kila utepe unapovutwa, watoto hujibu "Alilia!" na kila mtoto hutakiwa kupaza sauti na kusema panapomuuma. Baada ya hapo ana haki ya kumuuliza jirani yake swali hilohilo. Ndiyo asili ya makelele mnayoyalalamikia kwenye kila mkutano. Tumeambiwa kuhusu mgongo, sikio, tumbo, kidole kilichobanwa na mlango, na mara moja baba mwenye fimbo nzito mno. Wageni hawapigi tena picha chumbani kwetu. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja wakidhani ujasiri ni kuuma meno, Tajudini huwafundisha upya, taratibu, na wakati mwingine kwa kuwachokoza hadi walie wenyewe. Watoto bado wanatufia, maana hadithi si dawa, naye hajawahi kudai hivyo. Ila wanaokufa sasa hawafi na siri.

Yapo mengine ya kumsifu. Sambusa za mkewe, Raihana, zimetulisha kila Idi bila kuuliza dini ya mtu. Baiskeli yake imezeeka kuliko madaktari wetu watatu vijana. Kwa miaka yote, watoto walipomuuliza yeye anaumwa wapi, alijibu kwamba ni magoti, nao wakacheka. Kwa kuwafundisha wengine kusema alikuwa bingwa, lakini yake mwenyewe aliyaficha. Mganga hajigangi.

Jumatatu iliyopita Joëlla, mwenye miaka sita, aliyemwagikiwa uji huko Kanyosha, aliambiwa kwamba Papa Taju anaondoka. Akafungwa bandeji, akapiga kelele yake, akasema panapomuuma. Kisha akatumia haki yake.

"Na we Papa Taju, inakuuma wapi?"

Tulingoja magoti. Tajudini aliweka sinia chini. Akashika tumbo.

"Hapa," alisema. "Tangu zamani."

Akalia mbele yetu sote, mtu mzima wa miaka sitini, koti jeupe likilowa kifuani. Sisi wauguzi hatukujua pa kuweka mikono. Watoto walijua. Waliinua vichwa kutoka kwenye mito, wakanguruma kama viboko, hata wale waliokuwa na bandeji usoni. Mlinzi alikuja mbio hadi mlangoni, akaona, akavua kofia.

Mzee Tajudini, asante kwa asubuhi zote ulizotugeuzia kuwa usiku, na asante kwa kurudi ulipokuwa na ruhusa ya kutokurudi. Hadithi ya Joëlla umeiacha katikati, na nimepewa kazi ya kuimalizia. Sijui kunguruma, lakini nitajifunza. Nenda Buyenzi ukapumzike. Tunakuombea afya, usingizi mzima, kahawa ya tangawizi kila asubuhi, na wajukuu wasiochoka kuuliza. Raihana tumemwomba atusaidie kusikiliza.

Na siku pakiuma, lia. Tutageuka, kama Mama Kiboko.

Médiatrice, muuguzi mkuu, kwa niaba ya chumba kizima