Bwana Mifugo Aliyepasua Mbwa Mbele ya Marungu

Ndugu zetu mliofika hapa Mabwerebwere, aliyelala mbele yenu ni Cornel Onesphory, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kimamba, mtoto wa tatu wa mkata mkonge. Tangu utoto hakujua kunyamaza.

Alisoma shule ya misheni Mamboya, kisha chuo cha mifugo Morogoro, akahitimu mwaka 1973. Alizunguka Kilosa kwa baiskeli ya serikali hadi 1995 alipopunguzwa kazini, dawa za mifugo zilipoanza kuuzwa madukani kama njugu. Aliendelea kutibu kwa baiskeli yake.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na Hildegarda. Alifika kanisani shati lina damu, maana alizalisha ng'ombe njiani. Bibi harusi akamwambia, "Chagua leo, mimi au ng'ombe." Akajibu, "Ng'ombe ameshazaa."

Agosti 1996, nje ya Mikumi, mbwa watatu wa mfugaji Shimba walivimba nyuso, macho yakafanya ukungu, wakakojoa damu. Marehemu aliwachoma sindano. Kesho yake wakafa. Wafugaji na wakulima walikuwa wakigombea ardhi, basi Shimba akasema wakulima wamemtuma marehemu awape mbwa sumu. Wafugaji wakaja na marungu, wakulima wakatoka na mapanga. Marehemu akampasua mbwa mmoja katikati yao, akainua figo zilizovimba na kupauka.

"Sumu ya jana haili figo hivi! Huu ni ugonjwa wa mbung'o, umekaa humu miezi! Mliniita mmechelewa!"

Shimba hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Alimshushia rungu kiunoni, mara mbili. Bonifas, mdogo wake marehemu, akamkata panga mpwa wa Shimba begani mpaka mfupa ukaonekana. Marehemu, yuko chini anatapika, akapiga kelele: "Acheni! Tazameni figo kwanza!" Wakatazama. Mbwa wa nne wa Shimba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuugua, alitibiwa mapema, akapona, na Shimba akaja kuomba radhi analia.

Marehemu hakupona. Figo moja ilikufa, ya pili ikafuata. Alivimba uso na miguu, akafariki Morogoro, Jumanne tarehe 12 Mei 1998. Siku hiyohiyo Bonifas alinoa panga. Inatuuma, hatufichi. Lakini marehemu alimwachia mkewe neno: "Shimba asiguswe. Atie udongo wa kwanza, na Bonifas ampe chepe kwa mkono wake."

Ameacha mjane, Hildegarda, mabinti, Katarina na Irine, wajukuu wawili, na mdogo wake, Bonifas.

Shimba amesimama pale barabarani tangu asubuhi, anaogopa kuingia. Bonifas, mpelekee chepe, kaka yako apate kupumzika kwa amani.