Sylvester Mahona na Mtani Aliyenyamaza

Baba Padre, wazee wetu, watani zetu wa pwani, majirani wa Ntalikwa na wafanyakazi wa reli, familia ya mzee Mahona inawashukuru kwa kufika, na imempa Justus, kaka wa marehemu, anayesimama mbele yenu sasa, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wake, na kwa kuwa mzee mwenyewe amesema mtoto wake asipakwe asali, mtasikia yaliyokuwa mazuri na yaliyokuwa machungu, maana wengi wenu mlikuwepo na mtatusuta tukidanganya.

Sylvester alizaliwa hapa Ntalikwa tarehe 14 Machi 1930, mtoto wa tatu wa mzee Mahona na mama Koleta, mahindi yakiwa yanabeba, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Mzee Mahona, kabla reli haijafika Tabora, alikuwa mpagazi, akibeba pembe na majora ya nguo kati ya hapa na Bagamoyo, na katika safari hizo Wanyamwezi waliofia njiani walizikwa na Wazaramo, na Wazaramo waliofia huku walizikwa na sisi, ndipo ukazaliwa utani wetu, ule wa kutukanana bila kukasirikiana, kuitana mtumwa wangu, na kuchekana hata penye kaburi. Sylvester alilelewa kwa habari hizo, akazijua kabla hajaijua Baba Yetu.

Mwaka 1939 alianza shule ya misheni hapa kijijini, na mwaka 1944 akahamia mjini Tabora kuendelea na masomo, ambako hesabu alizifanya kwa shida na kuimba hakuweza kabisa, lakini alirefuka mpaka mama Koleta akachoka kushusha pindo za kaptula zake. Huko Bruda mmoja wa Kanada alisimamisha nguzo za mninga, akapigilia juu yake pete za pipa, na wanafunzi wakasomba udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji na kuutwanga mpaka ukawa mgumu kama sakafu, na hapo ndipo vijana wetu walipojifunza mpira wa kikapu. Waliosoma naye wanasema wengine walifundishwa kurusha, lakini Sylvester alishika mpira siku ya kwanza kama mtu aliyerudishiwa kitu chake, akarusha, ukaingia, akageuka kuwatazama kwa dharau, na dharau hiyo hakuiacha. Alimaliza masomo Desemba 1947.

Tarehe 2 Februari 1948 aliajiriwa kuunganisha mabehewa katika stesheni ya Tabora, na mwaka 1950 vijana wa stesheni walipounda timu yao ya kikapu, wakaiita Radi, na Nikolaus, karani wa mizigo, akawa nahodha, Sylvester ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa. Tuseme kweli, ndugu zetu, uwanjani alikuwa hakamatiki, na alikuwa havumiliki pia. Akinyimwa mpira alinuna, akipewa hakuurudisha, mwenzake akikosa kikapu alimkaripia mbele ya wake na watoto, na siku moja huko Urambo alivua viatu katikati ya mchezo, akaenda zake stesheni peku, akawaacha wenzake wakishangaa. Katika vijiwe vya kahawa vya Gongoni watu waligombana juu yake, hawa wakisema bila Mahona hakuna Radi, wale wakisema Mahona ndiye anayeiua Radi, na Nikolaus alipoulizwa alijibu, "Nikimpanga naumwa kichwa, nisipompanga naumwa roho."

Aliyemweza alikuwa mmoja, Mussa, Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa breki za mabehewa, mtu mfupi, mwenye mbio, asiye na haya hata kidogo. Sylvester akianza kununa, Mussa alimwendea katikati ya uwanja, refa akisubiri, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Mtumwa wangu, babako kabeba pembe za watu mpaka pwani hakununa, wewe kubeba mpira tu umevimba kama chura? Hebu lete huo mpira, mtu mrefu bure weye!" Na Sylvester, ambaye maneno hayo yangetoka kinywani mwa mwingine angemtoa meno, ilibidi acheke, kwa sababu mtani hakasirikiwi, na akishacheka alitoa pasi, na akishatoa pasi Radi ilikuwa haishindiki. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yao, haikuandikwa na daktari, na kwa miaka mitano ilifanya kazi.

Tarehe 20 Septemba 1952 Sylvester alifunga ndoa na Paskazia wa Urambo, katika kanisa la misheni hapa Ntalikwa, Mussa akiwa amesimama mlangoni akidai kwamba bibi harusi ameuziwa mlingoti. Mungu akawajalia watoto watatu, Flavia aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1953, Marko mwaka 1955, na Josepha mwaka jana. Mkali wa uwanjani alikuwa mpole nyumbani, hasa kwa Flavia, aliyekuwa akimbeba begani toka stesheni mpaka nyumbani, na mtoto akipita watu aliwasalimu toka huko juu, shikamoo, shikamoo, mpaka barabara nzima ikawa inacheka.

Flavia alifariki kwa malaria tarehe 9 Mei 1956, hajatimiza miaka mitatu, akazikwa kesho yake hapa nyuma ya nyumba. Watani walikuja, kama walivyotakiwa kuja, na Mussa akafanya kazi yake, akaketi ukingoni mwa kaburi lile dogo, miguu ikining'inia ndani, akakataa kuondoka, akasema, "Mtoto kakimbia mwenyewe huyu, kachoka na baba anayetaka kushika kila kitu peke yake." Wazee walicheka huku wakilia, ndivyo inavyokuwa, uchungu unapunguzwa hivyo, lakini Sylvester hakucheka. Alimpiga Mussa ngumi ya mdomo, akamwangusha juu ya udongo wa kaburi la mtoto, na katika uwanja huu wa mzee Mahona mtani alikuwa hajawahi kuguswa.

Mussa aliinuka, akafuta damu kwa kanzu yake, akamgeukia mzee, akasema, "Mzee, mie sikuja kugombana, nilikuja kuzika." Wazee wakamwamuru Sylvester atoe mbuzi, maana utani ukivunjwa hutengenezwa kwa mbuzi, watu wakila pamoja na kutukanana upya. Sylvester akakataa, akasema mtoto wake si mzaha. Hakuna aliyemlaumu kwa kulia, ila kwa kukataa mbuzi tulimlaumu, na mzee alimlaumu mpaka mwisho.

Mussa hakuhama timu wala hakumsema vibaya mahali popote. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi, alianza kumheshimu. Akamwita Bwana Sylvester, akampisha njiani, akamwamkia asubuhi kwa adabu kama anavyoamkiwa mkwe, na Sylvester alipoanza kununa uwanjani Mussa alitazama chini akangoja. Sylvester akakosa wa kumzuia. Tarehe 17 Agosti 1957, huko Dodoma, akitukanwa na watazamaji, aliupiga mpira teke ukapita juu ya vichwa vya watu, akamsukuma refa, akatolewa nje, na Radi ikafungwa mchezo iliokuwa ikiuongoza. Wenzake walikutana bila yeye, wakamwondoa, nao wakacheza bila yeye miezi mingi, kwa amani na kwa mapatano mazuri, wakafungwa karibu kila mahali walipokwenda. Kwa hiyo wale wa kijiwe cha kahawa nao hawakupata jibu.

Pasaka ya mwaka huu Sylvester alianza kukohoa. Alimficha mkewe, alimficha nahodha, na Nikolaus alipokuja kumwomba arudi kwa ajili ya mchezo wa kombe na timu ya Kigoma, alikubali haraka mpaka Nikolaus akatia shaka. Mchezo ulikuwa tarehe 12 Julai, na mliokuwepo mliona ajabu, Sylvester Mahona akitoa pasi. Hakukimbia, alisimama kati, akaupokea mpira na kuutoa, kulia, kushoto, hakumkaripia mtu, mwenzake akikosa alitikisa kichwa tu, na mkashangilia kwamba hatimaye amekua, Nikolaus mwenyewe akilia kwa furaha. Hamkujua kwamba pumzi ilikuwa imekwisha, kwamba alitoa mpira kwa sababu hakuweza kwenda nao. Pasi ya mwisho alimpa Mussa, Mussa akafunga, Radi ikatwaa kombe, na watu walipoingia uwanjani wakiimba, Sylvester alimsogelea mtani wake, akamngojea aseme kitu, tusi lolote, na Mussa akampa mkono akasema, "Ahsante sana, Bwana Sylvester." Alipofika nyumbani alitema damu kwenye beseni, na Paskazia alipopiga kelele akamwambia, "Usinililie mimi, mama Marko. Afadhali angenitukana."

Tarehe 21 Julai alilazwa hospitali mjini Tabora, wakamkuta na kifua kikuu kilichokwisha kumla mapafu yote mawili, na dawa ilijitahidi lakini ilikuwa imechelewa kuitwa. Akiwa kitandani alimwita kaka yake Justus, akamwambia achague mbuzi mzuri katika zizi la mzee, ampelekee Mussa, na aseme kwamba mbuzi ametoka kwa mtumwa wake. Justus alimpeleka tarehe 4 Agosti, akakuta chumba kimefungwa, Mussa amehamishiwa Kigoma siku chache kabla, naye akarudi na mbuzi wake. Salamu zilipelekwa kwa watu wa treni, zikapotea au zikachelewa, hatujui, na kila treni ya kutoka Kigoma ilipopiga honi Sylvester aliuliza nani ameshuka. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1958, saa tatu asubuhi, mama Koleta akimshika miguu, ile miguu mirefu iliyokuwa imezidi kitanda, na mama yetu amekaa pale, mnamwona.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali, waliomgeuza na kumwosha bila kumwogopa, inawashukuru majirani wa Ntalikwa mlioleta kuni, maji na unga, masista waliokaa na Paskazia, wakubwa na wafanyakazi wa stesheni mliotoa jeneza la mninga na kulibeba wenyewe, na timu ya Radi, pamoja na Nikolaus, ambaye alikuwa na haki ya kutokuja na amekuja.

Limebaki moja, na mzee Mahona amesema lisomwe mbele ya watu wote. Mussa, ulishuka jana mchana na treni ya Kigoma, umeketi na wanaume, umepokea mkono wa kila mtu, umesema poleni sana kama mgeni, na watani wenzako wote wa pwani wanakutazama wewe, wamenyamaza kwa sababu umenyamaza, na msiba wetu umekuwa kimya kama wa watu wasio na ndugu. Mbuzi yule yupo, amefungwa nyuma ya jiko, ni wako, mzee anakukabidhi kwa mkono wake. Sisi tumesoma tarehe zote na bado hatujui kama mtoto wetu aliisaidia timu yake au aliielemea, wala Nikolaus hajui, wala watu wa kahawa. Wewe ulipokea mpira wake wa mwisho. Twende sasa kaburini, ukaketi ukingoni, uning'inize miguu, utuambie alikuwa mtu gani, na utuambie kwa matusi, usimwite Bwana. Hapa hakuna atakayekupiga, Mussa, na aliyekupiga alikufa akikusubiri.

Pumzika sasa, Sylvester, na amani ya Mungu iwe juu yako.