Orest Danylchuk na Jezi Iliyongoja Msumarini

Ndugu, jamaa na majirani wa Holubka, mama mkwe wangu Stefania ameniomba nisome maisha ya mumewe. Nilipomuuliza kwa nini si Bohdan, mwana wao, alinijibu, "Dwayne, hakuna mtu ambaye Orest alimpigia kelele kuliko wewe. Wewe ndiye unayemjua."

Marehemu Orest Danylchuk alizaliwa tarehe 3 Mei 1947 katika shamba la ngano kaskazini mwa Holubka, Saskatchewan, mtoto wa tatu wa Petro na Anna Danylchuk. Alibatizwa katika kanisa hili hili. Dada yake Nadia anasema alijifunza kuteleza kwenye barafu kabla hajajua kufunga vifungo vya koti, na kwamba hata akiwa mdogo, akikosa goli alimlaumu mwenzake.

Alianza shule mwaka 1953, akaiacha 1963 akiwa amemaliza darasa la kumi, baba yake alipovunjika mguu wakati wa mavuno. Hakuwahi kulalamikia jambo hilo. Malalamiko yake yote aliyatunza kwa ajili ya Jumamosi.

Mwaka 1965 aliajiriwa kwenye ghala la nafaka la mji, akafanya kazi hapo hadi lilipofungwa mwaka 2003. Baadaye aliendesha basi la shule mpaka 2012. Wengi wenu mliomo humu aliwapeleka shuleni, na mnakumbuka kwamba Jumatatu asubuhi basi zima lilikuwa kimya iwapo timu yetu ya Korongo ilifungwa Jumamosi. Kwa maana hiyo basi lilikuwa kimya karibu kila Jumatatu.

Korongo wa Holubka ni timu yetu ya magongo ya barafuni, na marehemu aliipenda kwa mapenzi ambayo hayakumpa faida yoyote. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Yake yalisikika mpaka maegesho ya magari. Alikaa nyuma ya goli letu, mfuko wa mbegu za alizeti mkononi, na kutoka hapo alitufundisha kazi sisi wachezaji.

"Kipa! Hata mlango wa banda la kuku hufungwa jioni!"

"Mama yangu angedaka huo, tena ana sahani ya pyrohy mkononi!"

Mtu huyo huyo ndiye aliyeamka alfajiri siku za baridi kali kumwagia uwanja maji ili barafu iwe laini, bila kulipwa. Mwaka 2011, theluji ilipotaka kuangusha paa la uwanja, alipanda juu na koleo pamoja na vijana wa timu. Waliomwona huko wanasema alikuwa akiwasema kwa ulinzi wao mbovu muda wote, huku akichota theluji.

Tarehe 7 Februari 1970, siku chache kabla ya Kwaresima, alifunga ndoa na Stefania Hrycay. Alimwomba padri ibada iwe saa nne asubuhi ili wageni wawahi mchezo wa saa moja jioni. Bibi harusi alikwenda uwanjani na gauni lake, amejifunika koti la mama yake. Korongo walifungwa tisa kwa moja. "Angalau nilijua siku ile ile nimeolewa na nani," Mama anasema. Mungu aliwajalia watoto wawili, Larysa na Bohdan.

Sasa nifike kwenye jezi. Jumamosi ya tarehe 20 Januari 1996 tulicheza na Melby, jirani zetu, na mimi nilikuwa golini. Bao la nane lilipoingia, marehemu alisimama, akavua jezi nyekundu ambayo Stefania alikuwa ameishona jina lake mgongoni, akairusha barafuni kupitia juu ya kioo cha uzio. Kwetu kufanya hivyo ni kama kumrudishia mtu pete ya uchumba. Wachezaji huisukuma jezi kando kwa magongo na mchezo huendelea. Mimi sikuweza. Niliiokota, nikaitundika juu ya goli langu, na mabao mengine matatu yakaingia chini yake.

Kesho yake baada ya kanisa nilimpelekea. Larysa ndiye aliyefungua mlango, na mengine mnayajua, maana tulioana tarehe 10 Julai 1999. Mzee alinitazama kutoka mezani.

"Umeleta nini, kipa?"

"Jezi yako, mzee."

"Itundike pale kwenye msumari. Siivai tena mpaka mchukue kombe la kanda."

"Orest, mwache kijana akae ale," Stefania akasema. "Jana hakuna aliyemsaidia."

Jezi ilikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Pasaka Mama aliifua na kuirudisha. Mzee aliendelea kwenda kila Jumamosi, yeye peke yake na koti la kahawia katikati ya uwanja mwekundu, akingoja. Wanasema la kuvunda halina ubani, lakini yeye aliendelea kufukiza.

Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Saskatoon, na Januari akaomba arudi nyumbani. Mwezi uliofuata Korongo walifika fainali ya kanda, dhidi ya Melby. Tarehe 18 Februari tulimzunguka kitandani tukasikiliza redio. Kufikia mapumziko ya pili, kikibaki kipindi kimoja, tulikuwa tunaongoza tatu kwa mbili. Furaha ikamzidi Mama, akaenda kuitoa jezi msumarini.

"Stefa! Irudishe!" Mzee akajitahidi kuinuka. "Mchezo haujaisha, unatutia mkosi!"

Aliirudisha mbio. Tulichelewa. Melby walifunga matatu, sisi hatukufunga kitu. Larysa akazima redio, na mimi nilitamani mzee anitukane tu kama zamani.

"Bao la tano," akasema hatimaye. "Kipa alifanya nini?"

"Aliteleza, baba."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Mzee akavuta blanketi. "Haya, nileteeni jezi yangu."

"Lakini baba, hawajashinda," Larysa akasema.

"Nimesikia. Nina baridi."

Mimi na Larysa tulimvisha. Ilimpwaya sana. Alipitisha mkono kifuani, juu ya yule korongo wa nembo, akasema, "Kumbe ilikuwa na joto hivi miaka yote."

Hakuivua tena. Alifariki Jumanne, tarehe 21 Februari 2023, alfajiri, Stefania akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani, akina mama wa kanisa waliotulisha wiki nzima, na yeye mwenyewe, aliyetukasirikia maisha yake yote na asiache kuja.

Ameacha mjane, Stefania. Larysa na mimi. Bohdan na mkewe Corinne, wa Calgary. Wajukuu Kalyna na Teo. Dada yake Nadia, wa Yorkton. Ameacha pia timu nzima ya Korongo, iliyoketi leo viti vya nyuma kabisa, pale alipokuwa akisema ndipo panapoistahili. Ibada hii imeanza saa nne asubuhi, kama ile ya harusi yake.

Baba mkwe, pumzika kwa amani. Sisi hatukukupa amani hiyo hata Jumamosi moja.