Petro wa Padre, Yairo wa Pasta

Sikilizeni wanangu, sogeeni karibu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia kelele. Manasseh, kaa hapa kulia. Mogaka, kushoto. Na mama yenu Nyamoita akae miguuni pangu, asikie mwenyewe asije akasimuliwa.

Jana mlinitia aibu. Padre na pasta walikutana kitandani pangu, kila mmoja ameletwa na mwanangu mmoja, na kila mmoja akasema mimi Nyangau ni wake, nimo katika hesabu ya waumini anayoipeleka kwa wakubwa wake kila mwaka. Na wote wawili walisema kweli. Nilipokuwa kijana nilibatizwa Petro ili nipate kusoma kwa mapadre. Nilipomtaka mama yenu, baba yake alikataa katakata kumtoa kwa mtu asiyeshika Sabato, basi nikazamishwa mtoni nikaibuka Yairo, na hakuna aliyekwenda kumwambia padre amfute Petro. Kwa hiyo kila wakijisifu kwamba kundi limeongezeka, mimi nimo huku na nimo kule, mzee mmoja mwenye goti bovu. Hilo halinisumbui, maana kote nilisali kwa moyo. Mnaoniumiza ni ninyi.

Tangu wewe Manasseh uwe mzee wa kanisa la Sabato, na wewe Mogaka uwe katekista, mnagombania watu kama madalali wa ng'ombe siku ya soko pale Marani. Jirani yetu Nyangate, mmoja wenu alimvuta mkewe kanisani kwake, mwingine akavuta watoto kwake, na kila mmoja akaenda kutangaza ongezeko, huku nyumba ya yule maskini ikila kutoka vyungu viwili. Watoto wenu hawachoti maji pamoja. Sasa mnataka hata maiti yangu iongeze idadi!

Basi shikeni hili. Shamba la majani chai kule chini ni lenu wote wawili, lisipigwe mpaka, mchume pamoja, na mama yenu ale kwanza. Yule ng'ombe mwekundu ni wa dada yenu Kemuma, asinyimwe kwa kuwa ameolewa. Mimi nizikeni hapa nyumbani, siku isiyo Jumamosi wala Jumapili, na kaburi mlichimbe ninyi wawili, hata majirani wakishangaa. Wakija kuuliza nilikuwa wa nani, waambieni Petro amekufa na Yairo amekufa, wawafute wote wawili. Aliyezikwa ni baba yenu.

Sasa peaneni mikono, hapa juu yangu. Macho yamefifia, sioni vizuri... Mama Manasseh, wamepeana? Bado?

Haya, leteni mikono hapa kifuani, niishikanishe mwenyewe. Hivyo. Mungu awape mvua... awape uzao... awape kusalimiana asubuhi. Mkono wangu unalegea, wanangu. Ninyi msiachie.