Damu Isiyo na Jina: Maisha ya Muuguzi Phyllis Chepchirchir

Wachungaji, wazee wetu, na ninyi majirani mliokanyaga matope kuja hapa Silibwet, mimi ni Kipkosgei, kakake marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya Phyllis kama yeye mwenyewe alivyotaka yasomwe.

Phyllis alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa mzee Chepyegon, akaanza shule ya msingi papa hapa mwaka 1965, akaendelea na sekondari Bomet kutoka 1972 hadi 1975, kisha akaingia chuo cha wauguzi Nakuru, akatoka 1979 na kofia nyeupe aliyoipenda mpaka tukamtania kwamba analala nayo.

Alifunga ndoa kanisani na Weldon, dereva wa lori la majani chai, tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa Celine, Kiptum na Chepkirui, na tangu 1984 akafanya kazi katika zahanati moja upande wa Londiani, ambako hakumkaripia mgonjwa hata mmoja, awe dereva wa masafa marefu, mama muuza pombe ya busaa au mchuma chai aliyekuja akificha uso.

Mwaka 1991 wakubwa wa kazi walileta utaratibu mpya, kwamba kila mwaka waliokuja na magonjwa ya zinaa watolewe damu ya kupima kaswende, na itakayobaki iondolewe jina, ipelekwe Nairobi, ili serikali ijue ukimwi umefika wapi. Majibu ya kaswende mtu alipewa, lakini ya ukimwi hayangeweza kumrudia yeyote, kwa sababu chupa haikuwa na mwenyewe. Kilichorudi ni hesabu ya wenye virusi kwa zahanati nzima, na kila mwaka Phyllis aliiona imepanda, akafika nyumbani hana hamu ya kula. Kilichomtisha zaidi ni watu wenyewe, maana habari ilienea katika kambi za chai hadi Soin kwamba damu imepimwa ukimwi na asiyeitwa ni mzima, na watu wakatembea vifua mbele, wakaoa, wakazaa.

Weldon, ambaye wakati huo alikuwa ameingia malori ya masafa marefu, alitolewa damu hapo hapo zahanati mwaka 1993, siku ambayo mkewe alikuwa likizo, na mkewe alipomuuliza hakukana, alicheka tu: "Walinitoa damu na hawajaniita, mama Celine, si basi niko sawa?" Phyllis alimweleza, akamsihi waende wote wawili wakapimwe, akalia, akamsihi tena, na Weldon akashikilia neno lake. Alifariki tarehe 20 Mei 1996, na katika mazishi yake ilisomwa kwamba ni nimonia, Phyllis akiwa ameketi mbele na leso mdomoni.

Yeye alianza kukonda mapema 1997, akapimwa kwa jina lake, akaambiwa ana virusi, akaendelea na kazi mpaka miguu ikakataa, akatuacha alasiri ya Jumapili, tarehe 8 Novemba 1998. Wazee wangu walinisihi jana niseme kifua kikuu, nami nawaheshimu, lakini dada yetu ameuawa na ukimwi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomkamulia ng'ombe na kumchotea maji, na wafanyakazi wenzake, hasa Bilhah wa maabara, aliyemwogesha wakati wengine tuliogopa hata kikombe chake.

Nikiangalia hapa naona wengi mliotolewa damu katika zahanati ile, na Phyllis alitaka mwambiwe kabla hajafukiwa, kwamba kutoitwa kwenu hakukumaanisha kitu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jina la kuita, na hata leo hakuna atakayewaita. Jumatatu zahanati itakuwa wazi, nendeni mkapimwe kwa majina yenu, mkaulize majibu wenyewe.

Phyllis, tumesema. Pumzika sasa, dada, kwa amani.